Ree ya Baba

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni, mume wangu anashuka ngazi na begi la nguo mkono mmoja, sanduku la vifaa mkono wa pili, bila kugeuka nyuma. Wengi mmeniuliza kama alirudi. Subirini kidogo. Leo nitawaambia alikokuwa, na mtanihurumia au mtanicheka. Nimeshazoea yote mawili.

Kwa ambaye hakuwa nasi, nifupishe. Mimi ni mpokea nguo katika duka la dobi. Mume wangu ni fundi wa lifti, na kila mtu humwita Fundi, mimi nikiwemo. Tulikuwa na binti mmoja, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama iliyokuwa shavuni. Homa ilimchukua mwaka jana kabla hajamaliza darasa la kwanza. Tangu tulipomzika, mimi na baba yake tuliishiwa maneno. Tulichobaki nacho ni karata.

Si karata za mezani. Ni ule mchezo wa kwenye simu unaochezwa na mtu mmoja, unapanga nyekundu juu ya nyeusi mpaka zote zipande juu. Zamani ulikuwa wa bure kwenye kompyuta za ofisini, mtu anacheza huku anajifanya anachapa barua. Siku hizi umekuwa duka. Unacheza kidogo, tangazo. Unaanza upya, tangazo. Alama ya kulifungia hilo tangazo ni ndogo kama punje ya mtama, na ukiikosa unapelekwa kununua kitu. Juu ya kioo una mioyo mitano. Ukiweka karata pasipo pake, moyo mmoja unazimika. Ikizimika yote, mchezo unakwambia: lipa au subiri.

Tulikuwa na akaunti moja. Yeye akicheza kwenye simu yake, mimi kwenye tableti iliyokuwa ya Kidoti. Mmoja anapoacha, mwenzake anaendeleza palepale.

Kidoti hakujua sheria za mchezo. Alijua ree tu, ile karata ya moja, na hasa ree ya kopa yenye moyo mmoja katikati. Ikifunuka, ananishika mkono. "Usiiguse, mama. Hiyo ni ree ya baba." Basi tunaiacha wazi, na baba yake huko juu kwenye lifti za watu akipumzika anafungua simu, anaikuta, anaipandisha. Jioni anaulizwa kabla hajavua viatu: "Umeiona?" Naye anajibu: "Nimeiona."

Kidoti alipotutoka, niliendelea kuiacha. Sikumwambia Fundi kwa nini, wala hakuuliza. Naye akaanza kuniachia ya shupaza. Huko ndiko kusemezana kwetu kulikobaki.

Na mnakumbuka tulichogombania. Kidoti alikuwa amechagua karata zenye kifaranga wa njano mgongoni. Mchezo ukabadilishwa, kifaranga akafungiwa, wenye mchezo wakasema sasa ni wa wanaolipa kila mwezi. Fundi akataka kulipa. Nikamwambia anajenga kaburi la pili ndani ya simu. Akaomba kazi ya mji wa mbali, kwenye jengo refu jipya, akachukua begi.

Sasa tuendelee.

Fundi hakupiga simu. Mimi pia sikupiga. Nilikuwa na kiburi changu, na kila jioni kiburi hicho kilipata chakula, kwa maana nikifungua tableti nilikuta karata zimesogea. Ree ya kopa niliyoiacha asubuhi ilikuwa imechukuliwa.

"Yupo," nilijiambia. "Mzima, anakula, anacheza." Mtu mwenye mkono wa kucheza karata ana mkono wa kupiga simu. Asipopiga, ameamua.

Ila kulikuwa na jambo lililoniuma. Alikuwa anachukua, haachi. Ree ya shupaza, ya uru, ya pau, zote zilipandishwa juu. Hakuniachia hata moja. Nilikaa upande wake wa kitanda nikalia kwa ajili ya karata, mtu mzima mimi.

"Bado ana hasira," nilimwambia mpiga pasi wa dukani. Huyo ndiye ninayemweleza mambo yangu, kwa sababu pasi yake ya mvuke inapiga kelele na wengine hawasikii.

"Basi mpigie."

"Apige yeye."

"Haya. Kaeni hivyo hivyo mpaka mzeeke," akasema, akageuza kola ya shati.

Ni siku hizo hizo mama mkwe alipoanza kuleta shuka.

Niwaeleze huyu mama. Anakaa mtaa wa pili kutoka dukani kwetu, peke yake, tangu afiwe na mumewe. Hajawahi kunitukana, wala hajawahi kunisifu. Mashine za kufulia hazitaki hata kuzisikia. Husema nguo ya mashine imeoga bila kujisugua. Kwa hiyo nilipomwona anaingia na furushi, nilisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hizi zifueni kwa maji ya moto sana."

"Za nani, Mama?"

"Za nani tena? Zangu. Mgongo unaniuma, siwezi kuinama."

Hakunitazama usoni. Alitazama rafu iliyo nyuma yangu, makoti ya watu. Nikamwuliza kama mwanawe amempigia.

"Fundi yuko kazini," akasema, akatoka.

Hazikupita siku nyingi akaja tena. Na tena. Shuka zilikuwa na madoa ya dawa ya njano, zinanukia harufu ile ya wodini. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema ana mgeni. Nikamwuliza mgeni gani, akasema mgeni ni mgeni. Mpiga pasi alizinyoosha, mimi nikazikunja na kuzifunga kwa mikono yangu hii. Naomba mlikumbuke hilo.

Mchana mmoja tulikuwa tumekaa nyuma ya duka tunakula. Nikafungua tableti. Mpiga pasi akachungulia.

"Kumbe na nyinyi mna Msaidizi."

"Msaidizi gani?"

"Si huyo hapo." Akagusa kona ya kioo. Palikuwa na kikofia chenye kengele, kile anachovaa joka, yule mchekeshaji wa kwenye karata. Nilikuwa nakiona kila siku nikidhani ni pambo. "Anakuja na yale malipo ya kila mwezi. Ukiwa na shughuli zako, anakuchezea kidogo kidogo ili usionekane umekosa siku. Kaka yangu anaye. Hachezi tena, anakaa anatazama anavyochezewa. Raha yake sijui ni nini."

"Anachezaje?"

"Kimashine, dada. Akiona ree, juu. Hana kubakisha yule."

Nikasukuma sahani pembeni.

Akanionyesha pa kubonyeza. Paliandikwa kwamba Msaidizi anatuchezea, na tarehe aliyoanza. Siku hiyo Fundi alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja tangu aondoke. Chini yake paliandikwa kwamba tangu siku hiyo hakuna karata yoyote iliyochezwa kwa mkono kwenye simu ya pili, ile ya Fundi.

Wasomaji, nilikuwa nimenuniana na mashine. Nililia kitandani kwa sababu mashine haikuniachia ree. Na mume wangu, niliyeamini ni mzima kwa kuwa karata zinasogea, hakuwa amegusa karata hata moja.

"Mzime huyu," nikasema.

Kumzima Msaidizi si kazi ya mwenye haraka. Tulibonyeza Zima, akatokea joka analia machozi ya bluu: Una hakika? Hapana yake kubwa ya kijani, ndiyo yake ndogo ya kijivu, huioni mpaka usogeze uso. Nikaibonyeza. Tangazo la sufuria. Baada ya sufuria, swali: Kwa nini unaniacha? Chagua sababu moja. Mchezo ni ghali. Sina muda. Nimepata mchezo mwingine. Nikaitafuta sababu yangu, haikuwemo.

"Chagua yoyote, dada," mpiga pasi akasema taratibu.

Nikachagua kwamba sina muda. Kikofia kikapotea.

Zikagawanywa karata mpya, na kifaranga wa njano mgongoni, maana Fundi aliamua kumlipia alipoondoka, na malipo yalikuwa yanaendelea. Nikacheza mpaka ree ya kopa ikafunuka. Nikaiacha hapo hapo. Halafu nikajikaza kisabuni, nikampigia simu mume wangu kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Iliita, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikakatwa. Simu haijikati yenyewe. Kuna mtu alikuwa ameishika.

Nikampigia msimamizi wake wa kazi.

"Mama Kidoti," akasema, na nusura nimkatie mimi, kwa kuwa tangu msiba watu waliacha kuniita hivyo. "Fundi anaendeleaje?"

"Hilo ndilo ninalotaka kukuuliza wewe."

Nilisikia nyundo zikigonga nyuma yake.

"Shemeji, si yuko nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani?"

"Aliumia," akasema. "Ubao wa kusimamia uliteleza ndani ya shimo la lifti, akaanguka. Kichwa, na mkono wa kulia. Alilazwa huku. Mama yake alipokuja kumchukua, alisema mtamwuguza pamoja, ila tusikupigie simu kwa sababu ya yaliyokupata. Tukaona mama anasema kweli, tukakuonea huruma. Kwani hukujua?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka macho yangu yalikwenda kwenye rafu. Furushi la mama mkwe lilikuwa pale, limefungwa, linamngoja mwenyewe. Maji ya moto sana. Madoa ya njano. Mgeni.

Nilikuwa nafua shuka za mume wangu. Nilizikunja, nikazifunga vizuri, nikampa mama yake akamtandikie, kisha nikarudi nyumbani kumnunia. Mtaa wa pili tu. Kila jioni nilipita kwenye kona ya ule mtaa, na sikuwahi hata kutupa jicho.

Mpiga pasi alikuwa amesikia upande wangu wa maneno, ukamtosha. Alizima pasi.

"Nenda," akasema. "Kaunta nitakaa mimi."

Nikatia tableti kwenye mkoba. Nikabeba na lile furushi. Sijui kwa nini nililibeba. Nadhani niliogopa kufika mikono mitupu, nikakosa la kusema mlangoni.

Mama mkwe alifungua mlango nusu.

"Nimekuletea shuka, Mama."

Akalitazama furushi, akanitazama mimi. Uso ukamshuka.

"Umejua," akasema.

"Nimejua. Yuko wapi?"

"Amelala."

Kutoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ndogo. Tik. Naijua sauti hiyo hata nikiwa usingizini. Ni karata inayonyanyuliwa.

"Aliyelala hachezi karata, Mama."

Hakusogea. Ni mwanamke mwembamba, lakini mlango wote aliujaza yeye.

"Leo ndiyo kwanza ameomba simu yake," akasema. "Siku zote hizi ilikaa kwenye droo. Nilikuwa naichaji tu isife. Leo nguvu zimepata kumkaa mwilini, akasema, Mama, nipe simu. Ulivyopiga mimi ndiye niliyekata. Nimempa sasa hivi tu."

"Na Msaidizi? Nani alimwasha?"

"Msaidizi nani?"

"Kwenye karata. Kikofia."

Akafikiri. "Kuna kitu kilikuwa kinalialia kwenye simu, siku ya kwanza niliyomleta. Kila saa kinauliza. Mimi macho yangu unayajua. Nikabonyeza pale penye kubwa la kijani, kikanyamaza. Nikashukuru."

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Kidole cha mama mkwe kilikuwa kimeninyima mume wangu, na hakujua hata alichobonyeza.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. Sauti yangu ilikuwa inapanda, naye akaweka kidole mdomoni. "Ni mume wangu. Nilikuwa nakuuliza, unaniambia yuko kazini. Umeniletea shuka zake niziguse, na bado unaniambia yuko kazini."

"Nilileta shuka kwako kusudi."

"Kusudi?"

"Wako madobi wengine." Alilipokea furushi mikononi mwangu, akalikumbatia. "Nilijisemea labda utatambua mwenyewe, nisiwe mimi wa kusema. Ulivyokuwa huulizi sana, nikaona kumbe hata wewe huna haja."

Lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli nusu yake.

"Nipishe, Mama."

"Nitakupisha. Sikia kwanza." Akashusha sauti, nikalazimika kuinama. "Kichwa chake hakijarudi sawasawa. Mimi ananijua. Wewe anakutaja. Lakini mwaka mzima uliopita, tangu kabla ya msiba, hana. Umemtoka. Kila akiamka ananiuliza, Mama, Kidoti ametoka shule? Nasema bado. Anasema, basi akija aje aniamkie. Halafu analala."

Nikashika mwimo wa mlango.

"Daktari anasema tusimshtue," akaendelea. "Sasa ulitaka nifanye nini? Nikulete, akuone usoni? Uso wako tangu msiba unasema wenyewe, mwanangu, hata ukinyamaza. Au nimwambie mimi? Mjukuu wangu nimeshamzika. Sina nguvu za kumzika mara ya pili mbele ya baba yake."

Hajawahi kuniita mwanangu. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye shuka safi.

Nitawaambia jambo la aibu, kwa sababu niliahidi kuwaambia yote. Pale mlangoni, kabla sijamhurumia mume wangu, nilimwonea wivu. Yeye alikuwa na mtoto anayerudi jioni.

Tableti ikatetemeka mkobani. Niliitoa. Juu ya kioo paliandikwa kwamba simu ya pili inacheza.

Ree ya kopa niliyoiacha mchana ilinyanyuka. Ikasogea kidogo, ikayumba, ikaangukia juu ya tisa nyeusi. Tik. Si pake. Moyo mmoja ukazimika, ree ikarudi ilipokuwa.

Ikanyanyuka tena. Ikafika karibu zaidi. Ikaanguka. Ukazimika wa pili.

"Ni yeye?" mama mkwe akauliza, anakodolea kioo asichokiona vizuri.

"Ni yeye. Mkono unamtetemeka."

"Ni ule wa kulia. Msaidie basi."

"Siwezi, Mama. Mmoja akiwa anacheza, mwingine anafungiwa."

Wa tatu ukazimika. Mume wangu anayefunga nati gizani, amening'inia juu ya shimo, alikuwa anashindwa kusogeza karata moja upana wa kiganja. Nilisikia pumzi yake nyuma ya pazia, pumzi ya mtu anayebeba mzigo. Nilitamani kukimbilia ndani nimshike kifundo cha mkono, lakini mama mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni. Wa nne ukazimika. Ukabaki moyo mmoja. Huo nao ukienda, joka atatokea amwambie alipe au asubiri, na yeye hata kuisoma sentensi ile sijui kama angeweza.

Ree ikanyanyuka. Ikasimama katikati ya kioo, nikadhani ameiacha. Kisha ikapanda taratibu, ikayumba, ikafika juu, ikakaa pake.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua zilizopita, imekwaruza, lakini ni yake.

"Mama."

"Naam, mwanangu," mama mkwe akaitika, bila kuondoa macho kwangu.

"Kidoti ametoka shule." Alikuwa anacheka. Fundi alikuwa anacheka. Mara ya mwisho kumsikia akicheka, binti yetu alikuwa hai. "Ameniachia ree. Mwambie aje. Mwambie nimeiona."

Mama mkwe akafuta uso kwa pembe ya shuka. Kisha akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi mbele yangu, na pazia likitikisika kwa upepo unaoingia.

"Mjibu wewe," akaninong'oneza. "Wewe ndiye uliyeiacha."